Jiwe Namba Kumi na Tisa

Sifa ya mpima wa manispaa ilidumu siku kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kupita tu, asiyependwa wala kuchukiwa, kama nguzo ya umeme. Watu walimwona barabarani na darubini yake ya miguu mitatu, wakampisha, wakaendelea na shughuli zao. Sifa yenyewe hakuiomba. Lakini ilipokuja aliipokea, na mtu akishapokea kitu hawezi kudai hakikuwa chake siku kinapochukuliwa.

Chanzo kilikuwa barabara itokayo stendi kwenda hospitali. Kwa miaka mingi ilikuwa utepe wa lami uliochakaa kingo, ambao magari mawili yalipishana juu yake kwa kuviziana, na hatimaye manispaa ikapata idhini ya kuipanua. Sheria haikuwa na fumbo: hifadhi ya barabara ile ni mita ishirini, kumi kila upande wa mstari wa kati. Wachoraji walichukua katikati ya lami iliyopo kuwa ndiyo mstari wa kati, wakahesabu kumi kwenda juu na kumi kwenda chini. Upande wa juu, penye maduka sita ya diwani na nyumba chache za zamani, hapakuguswa kitu ila ngazi mbili na ua wa michongoma. Upande wa chini ziliangukiwa nyumba kumi na moja, si nyumba nzima bali mbele zake: vibaraza na vyumba vya biashara, alimokaa kinyozi, na fundi viatu, na mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha hesabu kibarazani kwa watoto walioshindwa kuzielewa shuleni. Alama nyekundu zikapigwa ukutani.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mdomo wa upande ule. Katika mkutano wa hadhara alisimama, taulo likiwa bado begani, akasema maneno yaliyozunguka mji mzima kabla ya jua kuzama.

"Barabara hii ilihamishwa. Walipoijenga waliipindisha ili wakwepe ukuta wa baba yake diwani. Sasa sisi tunabomolewa kwa ajili ya kona ya marehemu."

Ushahidi hakuwa nao, wala hakuombwa. Diwani alikuwa mtu ambaye jambo baya lolote ukilisema juu yake lilimkaa vizuri, kama shati la kushonesha. Meya, aliyehitaji kura za juu na za chini, hakutaka kuamua. Akamtwika mpima mzigo ule palepale hadharani. Apime upya, kutoka mawe ya asili ya mpaka, na matokeo yasomwe katika baraza la madiwani.

Ramani ya asili ilikuwa imelala masijala chini ya paa linalovuja, na ilipofunguliwa ilikuwa imegandamana kama ngozi ya ngoma iliyonyeshewa. Lilisalia jedwali la mawe. Jiwe namba kumi na nane, mita kumi kutoka mstari wa kati: hilo lilikuwa limemezwa na sakafu ya maduka ya diwani. Jiwe namba ishirini lilitafutwa mtaroni kwa nusu siku, halikuonekana. Jiwe namba kumi na tisa mpima hakuhitaji kulitafuta. Lilikuwa uani kwa mama mkwe wake.

Alilifahamu kwa miaka kumi na sita. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, akiwa amebanwa na viatu vipya na asijue la kusema, aliliona kando ya bomba la maji, limejengewa zege pande zote, safi kama kaburi la mtu mwenye watoto wanaomkumbuka. Akainama, akasoma namba yake kwa sauti. Baba mkwe, dereva wa lori aliyekuwa hacheki ovyo, akacheka. "Huyu anaheshimu mali ya serikali," alisema. "Binti yangu hatapotea." Hivyo jiwe namba kumi na tisa lilikuwa, kwa namna yake, mshenga, na mshenga aliyekuoza vizuri humdai cheti.

Na hapo ndipo lilipokaa kosa. Wapima hufundishwa siku ya kwanza kwamba jiwe moja si ushahidi. Kanuni inataka mawili, yasemezane. Moja likidanganya, la pili litalisuta. Mpima mwenyewe alikuwa amekwisha kuwarudishia wenzake kazi nzima kwa sababu ya kupima kutoka jiwe moja, na kuwaandikia pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba uvivu nao ni aina ya uongo. Lakini jiwe lile alilijua. Alipima kutoka hapo mita kumi kwenda barabarani, na kamba ikaishia kwenye ukingo wa juu wa lami. Mstari wa kati wa kweli, basi, ulikuwa mita tatu juu ya ule wa wachoraji. Barabara ilihama kweli. Nyumba kumi na moja zilipona. Upande wa juu yalibomolewa, kwenye karatasi, mabaraza ya maduka sita ya diwani, pamoja na chumba cha mbele cha mama mkwe, alimoweka cherehani yake na kushonea sare za shule.

Sifa ikazaliwa siku hiyohiyo. Mtu aliyemvunjia mama mkwe wake chumba kwa kamba ya mkono wake mwenyewe hakuwa ameonekana katika manispaa ile. Kinyozi akampa jina, Mzee wa Haki, na jina likashika. Makarani waliokuwa wakimpita korido bila salamu walianza kumfungulia mlango. Mkewe peke yake hakulitumia.

"Watu hujenga heshima kwa tofali zao," alimwambia, akikunja nguo. "Wewe umejenga kwa tofali za mama yangu."

"Jiwe ndilo lililosema. Si mimi."

"Haya. Na jiwe ndilo litakalopakua chakula cha jioni."

Siku ya tisa, Jumanne mchana, zikiwa zimebaki siku mbili baraza likutane, mpima alikwenda kumsaidia mama mkwe kuhamisha vitu. Alimkuta amekwisha kutoa karibu vyote. Chumba cha mbele kilikuwa kimebaki kitupu, na kutani yalionekana mapande meupe mahali zilipokuwa zimetundikwa picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Shika upande huo, hii ina meza ya chuma."

Walibeba cherehani mpaka chumba cha nyuma, yeye akirudi kinyumenyume, mama akimwongoza kwa kidevu. Walikuwa watu wa kuheshimiana kwa mbali. Katika miaka kumi na sita hawakuwahi kukaa benchi moja. Alipoitua, mama akaifuta kwa upindo wa kanga, akauliza bila kumtazama.

"Alhamisi utasimama barazani?"

"Nitasimama, mama."

"Utasema nini?"

"Nitasema lilichosema jiwe," akajibu mpima, na kwa kuwa siku zile alikuwa amezoea kusikilizwa, akaongeza: "Nitawaambia jiwe lile halijasogea tangu siku lilipochimbiwa, na kama kuna anayebisha aniletee la kwake. Nitatia sahihi na kuapa."

Mama mkwe akakaa juu ya kiti cha cherehani. Akazungusha gurudumu dogo kwa kidole, sindano ikipanda na kushuka pasipo nguo.

"Mengine yote yaseme," alisema hatimaye. "Chumba wakivunje, nimeshatoa vitu, sina neno. Ila hilo la kutosogea usiliapie."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nililibeba. Mimi upande huu, marehemu upande ule. Kama hivi tulivyobeba cherehani."

Kazi ya upimaji ilikuwa imemfunza mpima kwamba mtu akianza kutoa maelezo usimkatize, maana akikatizwa huanza upya na kupunguza.

"Lilikuwa nje," mama aliendelea, "pale kwenye kona ya michongoma, kando ya mtaro. Likaja lori la mchanga, likarudi nyuma, likalikata shingo. Dereva akaondoka. Sasa marehemu unamjua, alikuwa anaogopa serikali kuliko alivyoogopa kufa. Kilikuwapo kibao kimeandikwa, atakayeharibu jiwe la mpaka atafungwa. Akasema, likikutwa limelala watasema ni dereva wa nyumba hii, maana lori si ninalo? Na tukiliacha, litaibwa likawe jiwe la kunolea visu. Akalileta ndani, akalichimbia, akalitia zege. Kila Jumamosi alilisugua. Alidhani analitunza."

"Mngetoa taarifa."

"Nani aende? Wewe ungekwenda?"

"Ningekwenda."

"Ndiyo," alisema mama, wala hakumsifu wala hakumlaumu. "Wewe ungekwenda."

Nje mtu alipita akiimba, akikokota mkokoteni. Mpima alingoja mlio wa magurudumu upotee.

"Siku niliyopima, mama, ulisimama pale mlangoni na sinia la chai."

"Nilisimama."

"Hukusema."

"Watu wako walikuwa wamekaa hapo. Nimkosoe mkwe wangu mbele ya watu wa kazini kwake? Tena kuhusu chumba changu mwenyewe? Wangesema kizee kinatetea kuta. Nikaona heri chumba kivunjwe, kuliko marehemu kuitwa mwizi wa jiwe."

"Na leo?"

"Leo unataka kuapa."

Mpima akatoka uani. Jiwe lilikuwa mahali pake, namba yake ikisomeka vizuri kuliko namba ya nyumba yoyote mtaani, na juu yake palianikwa sabuni ya kipande. Alilitazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemdhamini. Aliporudi aliuliza lilitoka umbali gani.

"Hatua tatu zangu," alisema mama mkwe. "Hatua za wakati ule. Nilikuwa na magoti."

Kisha, mpima akiwa mlangoni, akamwita. "Baba. Ukiandika, andika kwamba alikuwa analitunza."

"Nia ya mtu haipimiki, mama."

"Najua. Wewe andika."

Jumatano asubuhi alikwenda kwenye kona ya michongoma na msaidizi wake mmoja tu, mzee ambaye ofisi nzima ilimwita Mshika Kamba, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa amebakiza miezi sita astaafu. Walichimba kwa sululu kando ya mtaro. Ng'ambo ya barabara kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, na mkono wake haukumzuia kuzungumza.

"Mzee wa Haki! Mnatafuta hazina?"

"Tunatafuta mguu wa jiwe," alijibu mpima.

"Jiwe nalo lina miguu?"

"Kama halina, linatembeaje?" alisema Mshika Kamba kwa sauti ya chini, na sululu yake ikagonga kitu kigumu.

Waliondoa udongo kwa mikono. Chini yake palikuwa na kitako cha zege la kale, upana wa dhiraa, na katikati yake nondo iliyokatika, kutu yake imekolea kama damu iliyokauka. Mshika Kamba alifunga kamba kwenye nondo ile, akapita penye mwanya wa ua mpaka kwenye jiwe la bombani, akasoma.

"Mbili, tisini na sita."

Mpima hakuhitaji kalamu kumaliza hesabu hiyo. Mita tatu kasoro vidole viwili. Mstari wa kati wa asili ulikuwa palepale katikati ya lami iliyopo. Barabara haikuhama kamwe. Baba yake diwani hakuikwepesha wala hakukwepwa na mtu. Waliohama, pole kwa pole, kibaraza baada ya kibaraza, kila mmoja akimtazama jirani yake na kuongeza hatua moja, ni watu wa upande wa chini.

Mshika Kamba alirudi, akachuchumaa kando ya shimo, akatoa ugoro wake.

"Mkuu, nikuambie neno kabla hatujaandika?"

"Sema."

"Tufukie. Nisikilize kwanza. Nyumba kumi na moja zimepona. Mama amekwisha hamisha cherehani yake na hajalalamika. Anayeumia ni diwani, tena ataumia mabaraza, moyo wake hautaguswa kwa kuwa sijui aliuweka wapi. Mji mzima umeridhika isipokuwa mtu mmoja, na huyo hakuna anayemhurumia. Mkuu, uongo huu una faida kuliko kweli nyingi nilizowahi kuzivutia kamba."

"Na wewe utakuwa wapi siku mtu mwingine akichimba hapa?"

"Mimi nitakuwa nimestaafu. Wewe utakuwa umestaafu. Tena fikiria upande wa pili. Kesho ukisimama useme jiwe lilihama, nani anapona? Mama mkwe wako. Nani mwingine? Diwani. Hata mimi niliyeshika kamba nikikusikia nitauliza umepewa nini."

Hilo ndilo mpima alilokuwa amekesha nalo kichwani tangu jana. Kukiri kosa hakukumtisha. Alikuwa amelelewa katika bweni ambalo mwenye kosa alisimama mwenyewe kabla ya kutajwa, na aliyengoja kutajwa alidharauliwa kuliko kosa lake. Lakini huko aliyesimama alitambulikana kuwa amesimama. Kweli hii ingemtoka mdomoni ikiwa imevaa nguo za rushwa. Angesema alichokiona, na kila aliyemsikia angeona chumba cha mama mkwe kikiwa wima.

Alilitazama shimo, akaitazama nondo. Jambo moja lilikuwa wazi: kitu hicho kilikuwapo ardhini kabla ya sifa yake, na kingekuwapo baada yake.

"Andika," alisema.

Mshika Kamba akafungua daftari. "Kwa penseli au kwa kalamu?"

"Kwa kalamu."

Mzee akaandika. Alipomaliza akalipuliza karatasi wino ukauke, ingawa kalamu zile hazikuwa na wino wa kukaushwa, na hakulitaja tena jambo lile mpaka alipostaafu.

Mpima alivuka barabara. Aliona haifai kinyozi aisikie habari ile barazani, katikati ya watu, kama mtu anayepigwa kofi kutoka nyuma. Alimngoja amalize nusu ya pili ya kichwa cha mteja, kisha akamwomba waende wote shimoni. Kinyozi alikwenda akitabasamu. Alipoelezwa, tabasamu lilikaa usoni kwa muda likisahau kuondoka.

Alichuchumaa. Akaigusa nondo, akaitikisa, akakuta haitikisiki. Akaomba kamba, akavuta mwenyewe mpaka bombani, akasoma mwenyewe.

"Nondo ipo," alisema aliporudi. "Siikatai nondo. Ninachouliza ni kwamba wiki iliyopita ilikuwa wapi."

"Hapahapa."

"Mbona hukuiona?"

"Sikuitafuta."

"Ukatuambia tumepona. Mke wangu amepaka rangi kibaraza, unajua? Rangi ya mafuta, tena mara mbili. Mwalimu amefuta ile alama nyekundu na wanafunzi wake wakampigia makofi."

"Najua."

"Basi hilo ni kosa, mpima." Jina la Mzee wa Haki lilikuwa limekwisha ondoka, bila hasira, kama kofia inavyovuliwa ndani ya nyumba. "Kosa ni lako, na kuta ni zetu. Na mama mkwe anabaki na chumba chake. Ukiwa wewe ni mimi, ungesemaje?"

Mpima alilifikiria swali lile kwa haki yake. "Ningesema nimenunuliwa."

"Haya," alisema kinyozi, akamrudishia kamba. "Afadhali umesema wewe."

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Watasema mimi ndiye niliyekugeuza."

"Watasema."

"Utawajibu nini?"

"Sitawajibu."

"Basi kula, kinapoa."

Ukumbi wa manispaa ulikuwa na feni nne, mbili zikifanya kazi. Siku ya Alhamisi watu walijaa mpaka madirishani. Upande wa chini walikaa pamoja, kimya; kinyozi alikuwa amekwisha kuwaambia. Mpima alisimama, akasoma taarifa yake bila kuinua macho mpaka nukta ya mwisho. Aya ya kwanza ilihusu yeye mwenyewe: kwamba alipima kutoka jiwe moja, kinyume cha kanuni anayoijua na aliyoifundisha, kwamba matokeo aliyoyatangaza yalikuwa batili, kwamba kosa hilo si la jiwe, wala la msaidizi wake, wala la aliyekuwa mwenye nyumba. Aya ya pili ilieleza kitako, nondo na vipimo. Aya ya tatu ilikuwa na sentensi moja: jiwe namba kumi na tisa liliondolewa mahali pake baada ya kugongwa na gari, na mkazi wa nyumba ile, ambaye sasa ni marehemu, kwa nia ya kulitunza.

Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoitia sahihi bila kuipima.

Diwani mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. "Mheshimiwa meya, ninaomba ufafanuzi. Mkazi huyo wa nyumba ni nani wa mtaalamu wetu?"

"Ni baba mkwe wangu," alisema mpima.

"Na sasa nyumba anakaa nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Chumba chake cha mbele, ambacho wiki iliyopita kilikuwa kinabomolewa, leo kinabomolewa?"

"Hapana."

"Ahsante. Nimefafanuliwa."

Kicheko kilianzia dirishani, kikaingia ndani, kikazunguka viti. Mtu alisema, "Mkwe huyo, mkwe," na mwingine akamalizia, "Wa jiwe." Meya aligonga meza, lakini aligonga kwa mkono mwepesi, kwa kuwa naye alikuwa anacheka.

Ndipo diwani mwenye maduka akasimama. Watu walitazamia ajisifu. Alikuwa na karatasi mkononi, nayo hakuisoma.

"Nina umri wa miaka hamsini na sita," alisema. "Tangu nina miaka kumi naambiwa baba yangu alipinda barabara. Shuleni niliitwa Kona." Ilionekana hakuwa amejiandaa kusema hivyo, na kwamba kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule hakuwa na hila ya kumsaidia. Alishuka, akamwendea mpima, akampa mkono.

Mpima aliutazama ule mkono. Kuukataa kungempatia makofi, pengine hata sehemu ya sifa yake ingerudi. Kwa hiyo aliupokea, mbele ya watu wote, akautikisa kama mkono wa mtu mwingine yeyote.

Baraza lilipitisha mstari wa wachoraji. Mpima aliomba upande wa chini wapewe miezi sita ya kujibomolea wenyewe na kuokoa tofali na milango, walipewa mitatu. Yeye aliandikiwa barua ya onyo, ambayo aliisoma, akakosoa tarehe, akairudisha ikachapwe upya.

Jiwe lilirudishwa mahali pake na Mshika Kamba, juu ya nondo mpya. Uani, kando ya bomba, palibaki shimo la mraba katika zege, na mama mkwe alilazimika kutafuta mahali pengine pa kuweka sabuni. Mpima naye akapata jina lake la pili. Aliitwa Mkwe: sokoni, stendi, hata masijala, na watu waliomwita hivyo hawakujua wote asili yake, maana jina likishazoeleka hujitegemea. Hakulikataa. Hakumweleza mtu.

Miezi mitatu ilipotimia mbele za nyumba kumi na moja zilikuwa zimekwisha kushushwa, tofali zimepangwa kwa safu. Mwalimu mstaafu alifundishia sebuleni, wanafunzi wake wakiwa wamebanana hadi jikoni. Kinyozi ndiye aliyekosa pa kwenda, kwani nyumba yake nyuma ya kibaraza ilikuwa chumba kimoja cha kulala. Alinyolea chini ya turubai kwa wiki mbili, vumbi la magreda likitua juu ya vichwa alivyokwisha kuvisafisha. Wiki ya tatu mama mkwe alivuka barabara iliyochimbuliwa, akishikilia kanga isiguse matope.

"Nina chumba cha mbele," alimwambia. "Cherehani nimeizoea kule nyuma. Lete kioo chako."

Kinyozi alimtazama, akakitazama chumba, akautazama mtaa uliokuwa unawatazama. "Watu watasema, mama."

"Watasema nini ambacho hawajasema?"

Akaleta kioo. Akakitundika kwenye lile pande jeupe ilipokuwa picha ya marehemu.

Mpima hakunyolewa pale kwa muda mrefu. Alikwenda kwa kinyozi mwingine, karibu na stendi, aliyekuwa na haraka na mashine butu. Lakini siku moja, Jumamosi asubuhi, alipokuja kumletea mama mkwe dawa zake, alikuta kiti hakina mtu na kinyozi amekaa mlangoni.

"Nani amekunyoa?" aliuliza kinyozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya shimo.

"Mtu wa stendi."

"Naona. Kaa."

Mpima akakaa. Shuka jeupe likafungwa shingoni, lilikaza kuliko ilivyohitajika. Kinyozi alifanya kazi bila kuzungumza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika cherehani ikienda na kusimama. Alipofika kwenye mstari wa paji, aliweka kidole gumba upande wa kushoto, akapima kwa jicho kiooni, akahamia kulia, akapima tena, akarudi kushoto. Ndipo akachukua wembe.

"Unapima pande zote mbili," alisema mpima.

"Mimi nikikosea, Mkwe, mwenye kichwa anatembea na kosa langu mjini wiki nzima. Usiinamishe shingo."

Mpima akainua shingo, akatulia, wembe ukapita.